Mkate kwanza, mahubiri baadaye



Kijana wako halali. Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka, na simu ikiita anashtuka. Kanisani anakaa benchi la nyuma. Akirudi nyumbani anajifungia chumbani. Nasi wazazi twakimbilia kusema, “Omba, huna imani.”

Tusome 1 Wafalme 19. Eliya, aliyekuwa ameshinda juu ya Mlima Karmeli, anamkimbia Yezebeli, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika mwenye mkate na maji. Kisha, huko Horebu, akamuuliza swali na kumsikiliza. Mwishowe akampa kazi ya kufanya, na Elisha wa kufuatana naye.

Kijana mwenye hofu hapati maana ya maisha kwa kukemewa. Huipata akijua kwamba Mungu bado ana kazi naye, matokeo yawe yoyote.

Leo baada ya ibada, kula naye. Muulize anaogopa nini, kisha nyamaza umsikilize. Mpe jukumu: awasaidie watoto wa shule ya Jumapili, au amsomee bibi Biblia. Mtafutie mtu mzima kanisani wa kumshika mkono.

Na akisema anatamani kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, huku mkiomba. Hata malaika hakuja kwa Eliya na maneno matupu. Alikuja na mkate.

Jumapili njema.