AJALI IKITOKEA, MTU KWANZA

Barabara ya lami itokayo Geita kwenda Chato ni neema kubwa. Kwa njia hiyo hupita pamba ya mkulima, samaki wa ziwani na mizigo ya wachimbaji wa dhahabu. Hupita pia vijana wa bodaboda, ambao ndio miguu ya vijiji vyetu. Lakini penye magari hapakosi ajali. Leo hatusemi juu ya mwendo wa kasi, jambo tulilolisema mara nyingi. Twauliza hivi: ajali ikiisha kutokea, sisi tuliopo twafanya nini?

Aibu yetu ni kwamba mara nyingi watu hugawanyika. Wako wanaokimbilia mizigo. Wako wanaomtafuta dereva wampige. Ni wachache wanaomwendea yule anayetoka damu.

Matunda ya mwenendo huo taifa limekwisha kuyaona. Tarehe 10 Agosti, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Hatuwalaumu marehemu, maana wengi walikuwa wanyonge wakitafuta riziki. Lakini somo lao tusilizike pamoja nao.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, tuzuie ajali ya pili. Injini izimwe, asiwepo wa kuwasha sigara, na matawi yawekwe barabarani, mbali kidogo, pande zote mbili. Likiwa ni gari la mafuta, watu wote wakae mbali.

Pili, tuwahudumie majeruhi. Polisi waitwe kwa simu namba 112. Damu ikitoka, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha bila kuachia. Majeruhi asiburutwe kama gunia, isipokuwa pana moto, maana uti wa mgongo ukivunjika huweza kumharibu maisha yake yote. Asipewe chakula wala maji. Tangu 2021 Chato ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Lakini hakuna daktari awezaye kumponya mtu aliyekwisha kufa kando ya njia.

Tatu, dereva. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka asimame, awasaidie walioumia, na kutoa taarifa polisi. Lakini ni nani atakayesimama akijua kwamba anangojewa kwa mawe? Kila jiwe arushiwalo dereva mmoja huwafundisha madereva kumi kukimbia na kuwaacha majeruhi. Mwenye kuhofia maisha yake na aende mara moja kituo cha polisi kilicho karibu, akajisalimishe.

Nne, haki ya aliyeumia. Namba za magari na majina ya mashahidi yaandikwe, na fomu ya polisi, PF3, ipatikane. Bima ya chombo cha moto imewekwa kwa sheria ili mtu wa tatu aliyeumizwa apate fidia. Fidia hiyo ni haki yake, wala si sadaka. Kwa hiyo asikubali kumaliza shauri palepale kwa noti chache, maana gharama ya mguu uliovunjika haijulikani siku ile ulipovunjika. Naye mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini amwarifu mwajiri wake upesi, kwani uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Twawaomba mabalozi wa mashina walio kando ya barabara wasingoje amri kutoka juu. Kila shina lichague vijana wawili wakajifunze huduma ya kwanza, na ajali ikitokea wao ndio wawe wa kwanza kufika. Twasema kila siku kwamba binadamu wote ni ndugu zetu. Ndugu huyo ndiye alalaye pale lamini, na mfuko wake umeanguka kando yake. Tuuokote mfuko huo, tumrudishie.