MAMA ANAPOTOKWA DAMU SIKU NYINGI: KIZAZI KITOLEWE AU KIBAKI?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani,

Katika ukurasa huu tumezoea kukuambia habari za kofia ngumu, za viatu, za vumbi la mawe na za kamba ya kushukia shimoni. Leo tunaongea juu ya hatari isiyotoka shimoni. Inakaa nyumbani kwako, na mara nyingi mwenye kuumia haisemi hata kwa mume wake. Ni damu ya mwezi inayotoka nyingi kupita kiasi na isiyotaka kukauka.

Baba, usiruke ukurasa huu ukidhani ni wa kina mama peke yao. Utaona huko mbele kwamba na wewe una kazi.

Niwaambie kwanza kosa langu mwenyewe. Bibi ya dereva mmoja alikuja dispensari yetu mara tatu ndani ya miezi minne. Kila mara neno lilikuwa lile lile: roho inapiga mbio, kizunguzungu, miguu inakosa nguvu akipanda kilima na bidoni ya maji. Mara ya kwanza nilipima malaria, nikaikuta, nikatoa dawa. Mara ya pili nilitoa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Mara ya tatu nilikuwa naandika vidonge vile vile, ndipo mama anayetuandikishia wagonjwa akamwuliza kwa sauti ya chini: «Mama, mwezi wako unakaa siku ngapi?» Akajibu: «Siku kumi, mara nyingine kumi na mbili. Si ndivyo ilivyo kwa wote?»

Tulipima damu yake. Gramu 5 na nusu! Mwanamke asiye na mimba anapaswa kuwa na gramu 12 au zaidi. Miezi minne nilikuwa najaza maji katika pipa lenye tundu. Tangu siku ile ninauliza swali hilo mimi mwenyewe, hata kama mama anaona haya, hata kama na mimi ninaona haya.

Sasa wewe mama unauliza: nyingi ni kiasi gani? Hakuna anayepima damu yake kwa kikombe. Angalia alama hizi. Mwezi unapita siku 8. Unabadilisha kitambaa kila saa moja au mbili, na usiku unaamka kubadilisha. Vinatoka vipande vya damu iliyoganda, vikubwa kama franga ya chuma ya zamani au kuzidi. Unavaa vikwembe viwili ukienda sokoni au kanisani kwa kuogopa aibu. Kama moja ya hayo ni lako, si desturi ya mwili wako, wala si jambo la ukoo. Ni ugonjwa, na una sababu yake.

Sababu ni nyingi, na hapa ndipo watu wanapokosea. Yaweza kuwa uvimbe ndani ya nyama ya kizazi, ule ambao wanganga wanauita fibromi. Ni kitu cha kawaida sana kwa wanawake wa asili ya Afrika. Huko Washington, Marekani, wachunguzi waliandika mwaka 2003 kwamba zaidi ya wanawake weusi 80 kwa 100 huwa wamepata uvimbe huo wanapofika miaka 50, na wengi wao hausumbui hata kidogo. Fibromi si kansa. Yaweza pia kuwa homoni zimevurugika, hasa kwa msichana aliyeanza mwezi karibuni na kwa mama anayekaribia kukoma. Yaweza kuwa kitanzi cha shaba kilichowekwa kwa kupanga uzazi, au mimba iliyoharibika, au damu isiyojua kuganda. Na yaweza kuwa kansa ya shingo ya kizazi. Mama anayetoka damu baada ya kulala na mume wake, au aliyekwisha kukoma halafu damu inarudi, huyo asingoje hata wiki moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia «kizazi kitolewe» kabla ya kujua sababu, mwulize amejuaje.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyompata dereva wetu. Alipoona bibi yake amekuwa mweupe machoni, alikimbia kwenye nyumba moja ya matibabu ambayo sitaitaja. Akaambiwa alete pesa siku ya Ijumaa, wamtoe kizazi, mambo yaishe. Bila ekografi. Bila kuangalia shingo ya kizazi. Bila kuuliza damu yake ni gramu ngapi! Dereva alikwisha kuuza mbuzi wawili. Mimi sisemi waliokaa pale ni watu wabaya, lakini kumpasua mama mwenye gramu 5 na nusu bila damu ya kumtilia ni kama kushuka shimoni ambalo nguzo zake zimeoza. Pengine utapanda salama. Pengine.

Tulimwandikia barua akapelekwa hospitali kuu ya Uvira. Ndugu zake wawili walitoa damu, ikapimwa magonjwa kama inavyotakiwa, akatiwa mifuko miwili. Ekografi ilionyesha uvimbe tatu, na kizazi kimekua kama cha mimba ya miezi minne. Shingo ya kizazi ilipakwa siki ili kutafuta dalili za kansa, ikaonekana safi. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoweza kuanza. Mama huyu ana miaka 44, amezaa sita, watano wanaishi.

Munganga alimwekea mbele njia zote, na mimi ninakuwekea wewe hapa. Kuna vidonge vya kupunguza damu, asidi traneksamiki, vinavyomezwa siku zile za damu tu. Havimfai mtu aliyewahi kupata damu kuganda katika mguu au mapafuni. Kuna ibuprofeni, ambayo hupunguza damu kidogo na maumivu zaidi, lakini mwenye kidonda cha tumbo asiiguse. Kuna vidonge vya uzazi na sindano ya miezi mitatu. Sindano hii mwanzoni huweza kuleta matone matone yasiyo na mpango, baadaye kwa wengi damu hupungua au husimama. Wengine wanasema damu isipotoka itapanda kichwani. Haipandi. Kizazi hakikuijenga, basi hakuna cha kutoka. Kuna pia kitanzi chenye homoni, tofauti kabisa na kile cha shaba, ambacho hukausha damu kwa miaka mitano au zaidi. Hakipatikani kila mahali, na kizazi kilichopindishwa na uvimbe pengine hakikishiki.

Halafu kuna kisu, na kisu ni cha aina mbili. Munganga anaweza kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi. Ndivyo alivyofanyiwa mama mmoja wa upande wa Kiliba, mwenye miaka 31 na watoto wawili, aliyetaka kuzaa tena. Aliambiwa wazi kwamba uvimbe huweza kurudi, na kwamba akipata mimba pengine atazaa kwa kupasuliwa. Alikubali. Aina ya pili ni kutoa kizazi chote. Hiyo inamaliza damu ya mwezi moja kwa moja, na inamaliza kuzaa moja kwa moja. Hakuna kurudi nyuma.

Na njia nyingine ni kungoja. Usicheke! Wengi hukoma mwezi karibu na miaka 50, na fibromi husinyaa baada ya hapo. Mama mwenye miaka 49 ambaye damu yake imeshikwa na dawa anaweza kufika bila kisu. Lakini kungoja huku unapima damu na kumeza dawa ni jambo moja. Kungoja huku unafifia ni jambo lingine.

Bibi ya dereva alichagua sindano pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Miezi sita akaenda vizuri, akafika gramu 10. Mwezi wa saba damu ikafunguka siku 15. Akarudi kwangu akakaa kwenye benchi, akaniambia amechoka kuhesabu vitambaa. Kisha akaniuliza lile swali ambalo kina mama wote huuliza, wengine kwa mdomo, wengine kwa macho: «Nikitolewa, nitakuwa bado mwanamke?» Mama mkwe wake alikwisha kumwambia kwamba mke asiye na kizazi ni nyumba isiyo na jiko.

Nilimjibu hivi, na ninakujibu na wewe. Homoni za mwanamke hazitoki katika kizazi, zinatoka katika ovari, yale mayai mawili ya pembeni. Uliza mapema kama yataachwa. Kwa mama ambaye hajakoma na mayai yake ni mazima, mara nyingi kuna faida kuyaacha. Yakitolewa yote, ukomo unaingia kwa siku moja, na joto lake na mifupa kudhoofika. Maziwa hayaanguki, sauti haigeuki, ndevu hazioti. Tendo la ndoa linaanza tena baada ya wiki 6 mpaka 8, munganga akiona kidonda kimepona. Kuna wanaosikia tofauti, na kuna wengi wanaofurahi kwa sababu damu na maumivu vimekwisha. Na kuna wanaolia kwa ajili ya mtoto ambaye hatakuja tena, hata kama walisema hawamtaki. Kilio hicho si ujinga.

Hatari nazo zisifichwe. Kutokwa damu mezani, uchafu katika kidonda, damu kuganda mguuni. Na kibofu kiko jirani kabisa na kizazi: mkono usiozoea ukikijeruhi, au ukijeruhi mirija inayoleta mkojo, mama anaweza kubaki akitokwa na mkojo bila kujizuia, yaani fistula. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Munganga Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, yule aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, imejulikana kwa kushona fistula. Watu wanafikiri zote zinatoka kwa kujifungua kugumu au kwa ukatili wa vita. Nyingine zinatoka kwa kisu. Kwa hiyo usione haya kuuliza: ni nani atakayenipasua, amekwisha kufanya ngapi, damu ya kunitilia iko wapi? Barabara ikiwa wazi, kupanda kwa Kamanyola na milima ya Ngomo kwenda kwa mwenye ujuzi kunachosha siku moja tu.

Yeye alipanda. Kizazi kilitolewa, ovari zikaachwa. Karatasi alitia saini yeye mwenyewe, baada ya mume wake kusema mbele ya mama yake mzazi kwamba anataka bibi mzima kuliko mtoto wa saba.

Baba, sasa kazi yako. Wiki 6 bibi yako asinyanyue kitu kizito. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Kuni vilevile, na beseni la ndagala vilevile. Kama binti yako yuko shuleni, maji ni yako, majirani wacheke wakitaka. Dereva wetu alichota. Siku ya 24 hata hivyo nilimkuta bibi yake njiani na ndoo kichwani, nikamgombeza mpaka watoto wakatoka nje kutazama.

Kwa yule anayetumia dawa: vidonge vya kuongeza damu vinatia choo weusi, usiogope. Usivimeze pamoja na chai. Kula sombe, lengalenga, maharagi, ndagala, na maini ukiyapata, na embe au chungwa juu yake. Damu hupanda gramu 1 au 2 kwa mwezi ikiwa tundu limezibwa. Dawa za mizizi za kuingiza chini, ziache kabisa. Na ukilowesha kitambaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ukianguka, au pumzi ikikata umekaa tu, usingoje asubuhi. Gonga dirisha la mlinzi wa dispensari.

Kalenda ya kampuni iko ukutani kwako. Chukua kalamu, tia alama kila siku ya damu, na alama mbili siku ile iliyozidi. Baada ya miezi miwili, ng'oa karatasi hizo uje nazo Alhamisi mchana, saa ambayo wanaume wako kazini. Ukihisi kizunguzungu tangu sasa, usingoje miezi miwili. Barua ya kwenda Uvira tunaandika sisi. Anayekwenda bila barua atalipa mwenyewe.