Kuumia Kazini: Mapumziko Si Hisani ya Bosi

Mfanyakazi akikatwa na mashine kiwandani Chang'ombe, au akianguka kutoka kwenye jengo linalojengwa Mbagala au Tegeta, mara nyingi bosi hufanya jambo linaloonekana jema. Humpeleka hospitali, hulipa bili, humpa fedha kidogo na kumwambia, "Pumzika, ukipona utarudi." Hakuna kinachoandikwa. Wiki zikipita, mshahara hukatika, na akirudi humkuta mwingine kwenye nafasi yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuliacha jambo hili kwenye huruma ya bosi. Inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwenye chini ya miezi sita kazini hajaifikia haki hii. Lakini kibarua anayeitwa mara kwa mara na mwajiri yuleyule, siku zake zikizidi miezi sita kwa mwaka, naye anastahili. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Bila hicho mwajiri halazimiki kulipa. Kwa hiyo ile karatasi ya mapumziko ambayo wengi huiita ED, tunza nakala yake.

Kwa aliyeumia kazini upo mlango wa pili: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Mfuko hulipia matibabu, na anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24.

Hapo ndipo ukimya unapomgharimu mfanyakazi. Mwajiri akishaarifiwa, anatakiwa kuitaarifu WCF ndani ya siku saba za kazi. Ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12, haki ya fidia hupotea. Bili moja iliyolipwa kwa siri hailingani na kidole kisichorudi.

Basi ukiumia, mwarifu mwajiri mapema na kwa maandishi, ukitaja siku, mahali na walioshuhudia. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya jeraha hilo, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 hazijapita. Kumshukuru bosi kwa kukufikisha hospitali ni uungwana, lakini shukrani hiyo isikuzuie kudai kilicho chako.