Kuchagua Kasi ya Biti Unapoandaa DVD

Kasi ya biti ni idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya video. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Hapa ndipo alama hupotea: mtahiniwa husahau kwamba baiti moja ni biti 8. Zidisha kwanza: 4.7 × 8 = gigabiti 37.6, yaani megabiti 37,600. Filamu ya saa 2 ina sekunde 7,200. Gawanya; utapata takriban megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Video ya harusi ya saa 4 itapata nusu tu, na wanaocheza wataonekana kama vipande vya mraba. Afadhali utumie diski mbili. Video fupi nayo isikudanganye: kwenye DVD, picha haizidi megabiti 9.8 kwa sekunde hata nafasi ikibaki.