Sababu ya Mbao Kupinda, na Njia ya Kuzuia

Huenda umeona mlango uliofungika vizuri siku ulipotiwa, na baada ya miezi michache haufungiki tena: pembe moja yagusa mwimo, na pembe nyingine imetokeza nje. Au umeona meza ambayo mbao zake zimeinuka kingo, hata kikombe hakitulii juu yake. Watu humlaumu seremala, na pengine huulaumu mti. Lakini mara nyingi kosa lilikwisha fanyika kabla seremala hajashika randa; lilifanyika mbao zilipokuwa zikikauka.

Hasara hiyo si ndogo. Mvule au mninga hukua kwa miaka mingi sana kabla ya kufaa kupasuliwa, na wiki moja ya uzembe juani yaweza kuziharibu mbao zake. Basi na tuijue sababu.

Mti mbichi una maji mengi. Katika miti mingi uzito wa maji hayo hupita nusu ya uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu. Maji hayo hukaa mahali pawili. Mengine yamo ndani ya vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, mfano wa maji yaliyomo mtungini. Mengine yameingia katika kuta za vijumba hivyo, mfano wa maji yaliyomo katika udongo wa mtungi mbichi. Ukimwaga maji ya mtungini, mtungi haupungui ukubwa; lakini mfinyanzi ajua ya kuwa udongo wenyewe ukikauka, chombo hupungua. Ndivyo ulivyo ubao. Kwanza hutoka maji ya vijumbani, na ubao haubadiliki umbo, ila huwa mwepesi. Hata maji yakibaki yapata sehemu 30 kwa kila sehemu 100 za uzito wa ubao mkavu, kuta nazo huanza kukauka, na hapo ndipo ubao huanza kusinyaa.

Kama ubao ungesinyaa sawasawa pande zote, usingepinda. Ungekuwa mdogo tu. Walakini hausinyai sawasawa. Kwa urefu hupungua kidogo mno: ubao wa meta 3 hupungua milimita chache tu. Kwa upana na unene hupungua zaidi. Tena, ukitazama gogo lililokatwa, katika miti mingi utaona pete zinazokizunguka kiini. Mti husinyaa kwa kuzifuata pete hizo karibu mara mbili kuliko usinyaavyo kutoka kiini kwenda ganda.

Jaribu jambo hili mwenyewe. Kata kisahani cha shina bichi, ukiweke juani. Baada ya siku chache huenda ukaona ufa umefunguka kutoka ganda kuelekea kiini. Duara ya nje ilitaka kuwa fupi, na sehemu za ndani zikaizuia, basi ikapasuka.

Sasa twaweza kufahamu habari ya mbao. Ubao uliopasuliwa kandokando ya gogo una pete zilizolala. Upande wake wa nje husinyaa kuliko upande wa ndani, na kingo zake huinuka kuelekea upande uliokuwa wa ganda, hata ubao ukawa mfano wa mfereji. Ubao uliopasuliwa karibu na kiini una pete zilizosimama, nao hukaa sawa zaidi. Na mti ambao nyuzi zake huzunguka shina kama kamba iliyosokotwa hutoa mbao zinazopotoka, pembe moja juu na nyingine chini. Miti nayo si sawa: mninga husinyaa kidogo, kwa hiyo maseremala huupenda, mkaratusi husinyaa sana, nao hupinda na kupasuka upesi.

Maji lazima yatoke. Kazi yetu ni kuyatoa polepole na sawasawa, hali mbao zimeshikwa zisipate nafasi ya kupinda.

Kwanza, gogo lipasuliwe upesi baada ya mti kuangushwa, na kiini kisiachwe ndani ya ubao.

Pili, ncha za mbao zipakwe rangi nzito au nta. Maji hutoka nchani upesi kuliko ubavuni, na ncha zikitangulia kukauka hupasuka.

Tatu, mbao zipangwe kivulini chini ya paa, mahali penye upepo, juu ya msingi ulionyoka, mbali na ardhi yapata sentimita 40. Msingi ukiwa umepinda, mbao zitakauka zimepinda.

Nne, kati ya tabaka na tabaka viwekwe vijiti vikavu vyenye unene mmoja, yapata sentimita 2.5, kila baada ya sentimita 60 au pungufu, ili hewa ipite. Kila kijiti kiwe juu ya kijiti cha chini yake barabara. Kikikaa kando, uzito wa rundo huukunja ubao.

Tano, juu ya rundo pawekwe mawe mazito, maana mbao za juu hazina kitu cha kuzilaza.

Je, twajuaje ya kuwa ubao umekauka? Pima uzito wa ubao mmoja kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, ubao umepatana na hewa ya mahali pale. Ubao wa unene wa sentimita 2.5 huweza kuhitaji miezi kadhaa. Viwandani mbao hukaushwa upesi katika tanuri, lakini huko pia hupangwa kwa vijiti vile vile.

Hata baada ya kukauka, ubao huvuta unyevu na kuutoa. Mlango uliotengenezwa Unguja, penye hewa ya bahari, ukipelekwa Dodoma kwenye hewa kavu, utasinyaa tena. Kwa hiyo seremala mwenye busara huziacha mbao majuma machache mahali zitakapotumika, kisha huanza kazi.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ubao nao hunyoshwa ungali mbichi. Ukisha kauka umepinda, randa yaweza kuusawazisha, lakini sehemu ya unene wake itaanguka chini kuwa takataka, na mti uliokua miaka mingi utakuwa umekatwa kwa faida ndogo.

Maswali

1. Kwa nini ubao haupungui ukubwa maji ya vijumbani yanapotoka?
2. Ubao wenye pete zilizolala huinuka kingo kuelekea upande gani?
3. Eleza kazi ya vijiti, na kazi ya mawe, katika rundo la mbao.