Jamaa au Mdai? Makuzi na Utambulisho katika Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah

Utangulizi

Riwaya ya makuzi, kama ilivyozoeleka Ulaya tangu Goethe alipochapisha Wilhelm Meister mwishoni mwa karne ya 18, humfuata kijana anayepotea, akajifunza, kisha akapata nafasi yake katika jamii. Muundo huo unachukulia kwamba jamii yenyewe imetulia na inamngoja. Je, kijana huwa nani pale ambapo jamii inayopaswa kumpokea inaporomoka mbele ya macho yake? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuichunguza Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hiyo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, inasawiri pwani na bara ya Afrika Mashariki chini ya Wajerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Tunadai kwamba kadiri Yusuf anavyokua ndivyo anavyogundua kuwa utambulisho aliopewa umejengwa juu ya deni.

Jina la udugu

Yusuf ana umri wa miaka 12 anapoondoka Kawa kwa treni pamoja na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita kwa jina la udugu. Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemzindua: Aziz si jamaa yake, na anapaswa kumwita Seyyid. Baba yake Yusuf ana deni, na mtoto amewekwa rehani.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo la ziada la kulitazama. Neno la Kiingereza analolitumia mwandishi halibainishi upande wa ukoo. Kiswahili humtaka msemaji achague: mjomba ni ndugu wa mama, ami ni ndugu wa baba, na kila mmoja ana wajibu wake kwa mtoto. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku mjomba huitwa hata asiye ndugu. Hata hivyo, ulegevu huo wa matumizi ndio unaompa mdai mwanya wa kujifunika vazi la jamaa. Hatua ya kwanza ya kukua kwa Yusuf ni kuuacha msamiati huo.

Kisa kilichogeuzwa

Majina ya wahusika yanakumbusha kisa cha Nabii Yusuf katika Kurani: kijana mzuri aliyeuzwa, bwana anayeitwa Aziz, mke anayemtamani kijana, na vazi linaloraruliwa kwa nyuma. Lakini Nabii Yusuf hukabidhiwa hazina za nchi na kukutana tena na wazazi wake. Yusuf wa Gurnah hapati hazina, wala wazazi wake hawaoni tena. Kisa kinachoahidi subira yenye malipo kinawekwa katika ulimwengu usiolipa.

Dini nayo haimpi makao ya hakika. Anapoishi kwa Hamid inagundulika kwamba hajui kusoma Kurani, naye anapelekwa kujifunza pamoja na watoto wadogo. Jamii inayomwaibisha kwa kutojua ndiyo iliyomtoa rehani kabla ya kumfunza.

Ukoloni na utumwa wa nyumbani

Katika Weep Not, Child (1964) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Njoroge anaitumainia shule huku ardhi ya ukoo ikiwa mikononi mwa mlowezi, mporaji anajulikana. Gurnah anaanza na uporaji wa nyumbani. Amina, aliyelelewa kama dada yake Khalil, amekuwa mke wa Aziz kwa sababu ya deni. Mzee Hamdani, mtunza bustani, alipewa uhuru akaukataa, akiamini kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kuugawa. Wajerumani wanapoingia, wanaukuta utumwa wenye lugha ya heshima, nao wanauongezea bunduki.

Kwa sababu hiyo mwisho wa riwaya unatatiza. Askari wa Wajerumani wanapopita wakikamata watu, Yusuf anajificha. Baada ya wao kuondoka, anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa kambini, akajitambua katika ulafi wao. Kisha anaukimbilia msafara wa askari. Kuuita uamuzi huo ukombozi ni kusahau anakokwenda. Kuuita usaliti ni kusahau anakotoka.

Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba si sahihi kuisoma kila riwaya ya makuzi ya kikoloni kama mvutano kati ya mila safi na mgeni mharibifu. Kabla ya kujiuliza yeye ni nani, Yusuf analazimika kujua yeye ni wa nani, na jibu analipata katika daftari la madeni. Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wanaweza kunufaika kwa kuyachunguza maneno ya udugu kwa makini hayo hayo: nani anaitwa jamaa, na nani ananufaika kwa kuitwa hivyo.