MAJI YA ZIWA YAFIKA TABORA: NANI ALIJENGA, NANI ANALIPA?



Katika nchi jirani ya Tanzania, maji ya Ziwa Victoria leo yanafika Shinyanga, Kahama, Nzega, Igunga hadi Tabora. Hii ni miji ya bara, mbali na ziwa, ambako kwa miaka mingi watu walitegemea mabwawa na visima, na kiangazi kikikaza ndoo zilipanga foleni tangu alfajiri. Wengi wetu tukiona bomba jipya husema, "Serikali imeleta maji." Kauli hiyo ni ya kweli nusu. Bomba linalopita wilaya nyingi ni makubaliano ya majirani: nani atoe maji, nani atoe fedha za kujenga, nani apate kwanza, na nani alipe kila mwezi. Mfanyakazi asiyeyajua makubaliano hayo ataletewa ankara tu. Kwa hiyo tuyatazame moja moja.

HAKI YA KUCHOTA

Jambo la kwanza ni ruhusa. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilifanya mapatano juu ya maji ya Nile. Uingereza, kwa niaba ya nchi ilizozitawala, ilikubali kwamba hakuna kazi ya umwagiliaji wala ya umeme itakayofanywa kwenye mto huo au maziwa yanayoulisha, ikiwa itapunguza maji yanayofika Misri, mpaka Misri iridhie. Mkulima wa Shinyanga hakuulizwa. Mvuvi wa Busoga hakuulizwa pia.

Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Julius Nyerere iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan mwaka 1962 kwamba mapatano hayo hayaifungi. Misri haikukubali, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile ulianza kutiwa sahihi mwaka 2010, Uganda na Tanzania zikiwa miongoni mwa za kwanza, ukaanza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudan hazikuutia sahihi. Tanzania haikungoja siku hiyo. Mwaka 2004 ilizindua kazi ya bomba la Kahama na Shinyanga, na mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete akalifungua.

FEDHA ZA KUJENGA

Kwa nini ugomvi wa mito unamhusu mtu wa kiwandani? Kwa sababu unagusa mkopo. Benki ya Dunia, kwa mfano, ina kanuni kwamba mradi unaochota maji yanayotumiwa na nchi kadhaa, sharti nchi nyingine ziarifiwe kwanza. Palipo na ubishi, fedha za namna hiyo huja kwa taabu. Awamu ya kwanza ya bomba hili Tanzania iliijenga kwa fedha za hazina yake yenyewe, yaani kodi ya wananchi wote, pamoja na wale wa Lindi na Mtwara ambao hawatakunywa tone la maji hayo.

Awamu ya pili ilianzia Solwa, mkoani Shinyanga, kwenda Nzega, Igunga na Tabora. Hii ilijengwa kwa mkopo wa dola za Kimarekani milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India. Rais John Magufuli aliifungua Januari 2021. Mkopo hulipwa na nchi nzima, na hulipwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo za kigeni zinatoka wapi? Zinatoka katika dhahabu, pamba, korosho na kahawa, yaani katika jasho la wachimbaji na wakulima.

MAJI HUPANDISHWA KWA UMEME

Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tabora iko kiasi cha mita 1,200. Maji hayapandi yenyewe. Kwa hiyo huko Ihelele, wilaya ya Misungwi, maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa kwa dawa na machujio, kisha pampu huyasukuma hadi tangi lililoko mlimani. Kutoka hapo ndipo yanapoteremka kwa mserereko.

Mtambo huo ulijengwa uweze kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, sawa na madebe 50 ya lita 20. Maana yake ni madebe milioni 4 kwa siku. Kila debe limepandishwa mlimani kwa umeme. Pampu ikisimama, tangi hukauka.

FEDHA ZA KUENDESHA

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Fedha za kujenga hutolewa mara moja, na viongozi hukata utepe. Fedha za umeme, dawa, vipuri na mishahara hutakiwa kila mwezi, na hakuna anayepiga picha.

Mpango wao uko hivi. Mamlaka moja, KASHWASA, inaendesha mtambo na bomba kuu na kuuza maji kwa jumla. Mamlaka za maji za miji hununua na kuyauza rejareja kwa nyumba, viwanda na vioski. Ni mnyororo: mnunuzi wa debe asipolipa, kioski hakilipi, mji ukishindwa kulipa, muuzaji wa jumla hukosa fedha za umeme. Kamba hukatikia pabovu.

Ubovu mmoja mkubwa ni maji yanayopotea. Tuseme kati ya madebe 10 yaliyosafishwa, 3 yanavuja njiani au kuibwa. Fedha za madebe 7 zitapaswa kulipia umeme wa madebe 10. Kwa hiyo bei ikipanda, tusikimbilie kusema maji ni ghali. Tuulize kwanza yanavujia wapi.

Ubovu wa pili ni bei ya mnyonge. Tuseme mwenye bomba nyumbani analipa shilingi 1,500 kwa uniti moja, yaani mita moja ya ujazo. Mwenzake anayeishi chumba cha kupanga ananunua debe kwa shilingi 50. Zidisha 50 mara madebe 50: ni shilingi 2,500 kwa uniti. Asiye na bomba amelipa zaidi kuliko mwenye bomba, na bado amebeba ndoo kichwani. Hesabu hii kila mmoja wetu anaweza kuifanya mtaani kwake: chukua bei ya debe, zidisha mara 50, linganisha na ankara ya mwenye mita.

WALIO KANDO YA BOMBA

Bomba kuu haliwezi kutobolewa popote, kwani msukumo wa maji yake ni mkubwa. Kijiji kikipata maji, ni lazima kijengewe toleo, vali, tangi dogo na mabomba yake madogo. Gharama hizo zisipowekwa katika mpango tangu mwanzo, wanakijiji watachimbiwa mtaro katikati ya mashamba yao, kisha watabaki kuyasikia maji yakipita. Tanzania baadaye iliweka kanuni kwamba vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu navyo vihudumiwe. Kanuni hiyo ni njema, lakini nayo inahitaji fedha.

Tukumbuke pia nani alitangulia. Katika eneo hilohilo la Kahama, mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001 ulipata bomba lake kutoka ziwani kabla ya mji wa Kahama kupata lake. Penye mtaji, bomba hufika upesi. Penye watu watupu, husubiriwa mpango.

MASWALI YA KUULIZA TAWINI

Ziwa ni letu sote, na miradi ya namna hii inapangwa au kujengwa pande zetu pia. Ukisikia bomba linakuja karibu na kiwanda au shamba lenu, peleka maswali haya kwenye mkutano wa tawi:

1. Fedha za kujenga ni za hazina au za mkopo, na mkopo utalipwa na nani?

2. Nani atalipa umeme wa pampu, na hesabu zake zitasomwa wapi hadharani?

3. Kiwanda au shamba litapewa maji kiasi gani, na kambi ya wafanyakazi itapewa kiasi gani? Maji yakipungua, nani atakatiwa kwanza?

4. Bei ya debe kioskini itazidi bei ya mwenye mita kwa kiasi gani, na nani ameipanga?

5. Katika kamati itakayosimamia, je, wamo wafanyakazi na akina mama wanaoteka maji, au wamo mameneja peke yao?

Maswali haya yaulizwe kabla mtaro haujachimbwa. Bomba likishafukiwa, kubadili njia yake ni gharama kubwa, na kubadili bei yake ni vita vya miaka.